Barly Baruti na Njia ya Tabora: Rekodi za Mtunzi wa Katuni

Kitabu kilichosogea karibu zaidi nasi

Katika vitabu vyote vya katuni vya Kifaransa nilivyosoma, hakuna kilichosogea karibu na Tabora kama *Madame Livingstone*. Kilitolewa na kampuni ya Glénat mwaka 2014. Watunzi ni wawili: Christophe Cassiau-Haurie, Mfaransa ambaye kwa taaluma ni mkutubi, na Barly Baruti, mwana wa Kisangani, ambaye ndiye pia aliyekichora.

Hadithi yenyewe ni ya Vita Kuu ya Kwanza. Luteni Gaston Mercier, rubani Mbelgiji, anatumwa Ziwa Tanganyika kusaidia kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Huko anapewa kirangozi, chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai kwamba baba yake ni mpelelezi Mskoti David Livingstone. Ndiyo maana watu wamembandika jina la kike lililo kwenye jalada. Afisa ana vyeo na ramani, lakini anayeijua nchi ni huyo mwenye sketi, na kadiri kurasa zinavyofunuliwa tunaona nani hasa anamwongoza nani. Hapo ndipo ninapoupenda utunzi huu. Miaka mingi katuni za Ulaya zilimpa Mwafrika kazi ya kubeba mizigo ya shujaa. *Tintin* ya Kongo, iliyoanza kuchapishwa gazetini mwaka 1930, ilichorwa na Hergé bila kukanyaga Kongo hata siku moja. Baruti alizaliwa humo.

Msomaji wa Tabora ana haki ya kulichunguza dai la kirangozi huyo, maana Livingstone wa kweli tulimkaribisha. Mwaka 1872 alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake akisubiri wapagazi hadi Agosti 25. Alipofariki, mwili wake ulipita tena Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, umebebwa na watumishi wake akina Chuma na Susi kuelekea Bagamoyo.

Na asidhani mtu kwamba sketi ni chumvi ya watunzi. Geoffrey Spicer-Simson, kamanda wa Kiingereza aliyeletwa ziwani na mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, alikuwa akivaa sketi. Mashua hizo ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915.

Mhusika mwenye maisha marefu kuliko wote

Huyu si mtu, ni meli. Graf von Götzen, ile meli ambayo Mercier anatumwa kuizamisha, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Yaani ilipita Tabora ikiwa mabati na misumari. Ilishushwa majini Februari 1915, ikiwa na urefu wa mita 71.

Marubani Wabelgiji walijaribu kuipiga mabomu Juni 1916 kwa ndege za kutua majini. Mmoja wao, Aimé Behaeghe, alifariki Kongo kabla mwaka haujaisha. Mwishowe Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma tarehe 26 Julai 1916, baada ya kuipaka mafuta mazito mitambo yake ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Mamia kwa maelfu ya watu wa Kigoma, Kalema, Kipili na Kasanga wamepanda meli hii wakiwa na dagaa na mahindi yao. Nadhani hakuna mhusika mwingine wa katuni ya Kifaransa ambaye wasomaji wengi hivyo wangeweza kusema wamelala tumboni mwake.

Ushindi ulioimbwa zaidi Ubelgiji

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji yaliingia Tabora. Jenerali wao, Charles Tombeur, akapewa ubaroni na kuitwa Tombeur de Tabora. Katikati ya Brussels, mji ambao Baruti ameishi miaka mingi, upo mtaa unaoitwa Tabora hadi leo. Askari waliopigana walikuwa Wakongo kwa wingi, na nyuma yao maelfu ya wapagazi waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu. Majina yao hayakuandikwa kwenye kibao cha mtaa huo. Naona katuni inaweza kufanya kazi hii vizuri kuliko mnara, kwa sababu mchoraji hawezi kuuchora msafara bila kumpa kila mpagazi uso.

Mfululizo mrefu zaidi

Ni *Mandrill*, vitabu 7 kati ya 1998 na 2007, vilivyotungwa na Frank Giroud na kuchorwa na Baruti. Kabla yake walishafanya *Eva K.*, vitabu 3. Giroud, aliyefariki mwaka 2018, anakumbukwa zaidi kwa *Le Décalogue*, hadithi ya vitabu 10 vyenye wachoraji tofauti.

Kazi ya mapema zaidi

*Le Temps d'agir*, mwaka 1982, kuhusu mazingira. Baruti alikuwa na miaka 22. Miaka mitano baadaye akatoa kitabu cha katuni juu ya mwimbaji Papa Wemba, jambo lisiloshangaza kwa mtu ambaye mwenyewe ni mwanamuziki.

Mzizi wa mbali zaidi

Kisangani na Tabora ni ncha mbili za barabara moja. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa kuelekea Kasongo na Nyangwe, ikaishia kwenye maporomoko ya Kisangani. Mfanyabiashara Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887, alikuwa na baba aliyeweka makazi Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kiswahili kilifika Kisangani kwa miguu ya watu wa misafara hiyo, pamoja na minyororo ya watumwa wao. Kwa hiyo Baruti alipoichora nchi ya ziwa alikuwa anarudi nyuma kwenye njia iliyoujenga mji wake, na hilo kwangu lina uzito kuliko tuzo yoyote.

Kisa kidogo zaidi chenye utajiri mkubwa zaidi

Kama ningepewa nafasi ya kuwapa Baruti na Cassiau-Haurie kisa kimoja cha Tabora, ningewapa sarafu. Mwaka 1916, meli za Waingereza zikiwa zimefunga bahari, Wajerumani waligonga fedha yao wenyewe katika karakana ya reli Tabora. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke. Zilitoka sarafu 16,198 za rupia 15, zenye tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Karakana, joto la tanuru, mafundi, habari kwamba Tombeur yuko njiani: kitabu kizima kimo humo, na nusu ya wahusika wake wangezungumza Kinyamwezi.