MC wa Kakamega, Usifulize Maisha: Jinsi ya Kuanza Biashara ya Shoo Ukiwa na Madeni

Cheki hii picha. Ni Ijumaa jioni, uko zako Lurambi, simu inalia. Kesho kuna harusi Khayega na MC wao ameruka. Wanakutaka wewe. Bei ni 15,000, na mwenye kupiga anasema, "Usijali, tutakupanga baada ya sherehe." Unakubali kabla hajamaliza sentensi.

Halafu unakumbuka spika si zako. Mwenye spika anataka 5,000 kabla hazijatoka kwake. Pickup ya kuzibeba ni 2,000. Kwa M-Pesa uko na 43 bob. Unafanya kile kila mtu hufanya: unafuliza.

Jumamosi unachapa kazi safi. Mashangazi wanacheza mpaka viatu vinatoka, mama ya bibi harusi anakutunza, video yako inazunguka kwa status za watu. Jumatatu unapiga simu ya malipo. "Kamati bado haijakaa." Wiki ya pili: "Ngoja tuvunje kamati kwanza." Wiki ya tatu doo inaingia, na kabla hata ufungue meseji, Fuliza imeshakata yake.

Ka hii stori unaijua, hii ni yako. Tutaongea madeni bila kuoneana aibu, juu shida ya wasanii wengi wa hii mtaa si kukosa talanta. Shida ni kwamba mkopo unakimbia kila siku na malipo ya shoo yanatembea polepole.

Kadi yako ya mkopo iko mfukoni

Ukisoma mambo ya pesa kwa intaneti utapata watu wa Marekani wakilia na kadi za mkopo. Hapa kwetu kadi kama hizo ni za watu wenye payslip. Kadi ya kijana anayeanza kazi ya u-MC, u-DJ ama ngoma ni simu. M-Shwari ilikuja 2012, Fuliza ikafuata Januari 2019, Hustler Fund ikazinduliwa 30 Novemba 2022, na katikati hapo apu za mikopo zikajaa kama boda pale stage.

Na tabia ya hizi mikopo ni ile ile ya kadi. Ni rahisi kuchukua, hakuna anayekuuliza ni ya nini, na ukilipa kidogo kidogo unajiona uko sawa kumbe deni linaendelea kupumua. (Ka uko na kadi yenyewe ya benki, jua hivi: ukilipa tu kile kiwango cha chini wanachokuambia, riba inaendelea kukaa kwa kile kimebaki.)

Neno lenyewe linakuambia. Kufuliza kwa Kiswahili ni kufanya kitu mfululizo, bila kupumzika. Ndio maana ukianza husimami.

Hesabu ambayo hatupendi kupiga

Tuchukue 3,000 tu, pesa ya kukodi maiki mbili na miksa. Kwa tarifu ya Fuliza iliyoanza Oktoba 2022, unakatwa asilimia 1 ukichukua, halafu deni la juu ya 2,500 linalipiwa 25 bob kila siku. Ukikaa nayo siku 30, ni 30 bob ya kuingia na 750 ya siku. Jumla 780. Umekopa 3,000, umelipa 3,780.

M-Shwari hiyo hiyo 3,000 kwa siku 30 ni asilimia 7.5 mara moja, yaani 225 kabla ya ushuru. Hustler Fund ni asilimia 8 kwa mwaka, na unafaa kulipa ndani ya siku 14. Kwa 3,000 riba ya hizo wiki mbili haifiki hata 10 bob. Wanazuia asilimia 5 ya mkopo kama akiba yako, kwa hivyo mkononi utapata 2,850. Ukichelewa, riba inapanda hadi 9.5 kwa mwaka.

Tarifu hubadilika, so angalia yako kabla ya kubonyeza: *234# ya Fuliza, *254# ya Hustler.

Sasa ona kitu wasee wengi hawaoni. Ile 25 bob ya Fuliza ni sawa kwa mtu wa 3,000 na mtu wa 30,000. Huyu wa 3,000 ndiye anaumia. Fuliza iko poa ka umekwama na nauli ya leo na kesho unalipa. Kungojea kamati ya harusi wiki tatu na Fuliza ni kujichoma.

Mbona msanii huumia kuliko mwenye kibanda?

Mama wa kibanda pale soko akikopa 3,000 asubuhi ananunua nyanya, na jioni pesa imeanza kurudi. Wewe unakopa leo, shoo ni wiki ijayo, malipo ni mwezi ujao. Halafu kazi yenyewe ina misimu. Desemba harusi zinagongana na watu wa Nairobi wamerudi nyumbani na doo. Januari kila mtu analia karo, simu yako inanyamaza. Matanga iko mwaka mzima, lakini pesa yake iko kwa mweka hazina, na familia inalipa jeneza na chakula kabla ya kukukumbuka.

Turudi kwa ile harusi ya Khayega. Bei 15,000. Toa spika 5,000, pickup 2,000, DJ 2,500, vijana wa kubeba 1,000. Inabaki 4,500 yako. Lakini ile 7,000 ulifuliza na ukalipwa baada ya siku 21. Hiyo ni 70 ya kuingia na 525 ya siku, jumla 595. Faida imeshuka hadi 3,905.

Utasema 595 si mbaya. Ni kweli, peke yake haiui. Kinachoua ni kwamba kwa hizo siku 21 limiti yako imejaa. Wiki ya pili kukitokea shoo ingine pale Shinyalu, huna pa kutoa pesa ya spika. Unaingia apu ya kwanza, halafu apu ya pili ilipe ya kwanza. Hapo ndio msee ana shoo nne kwa mwezi na bado anakopa unga.

Mkopo mzuri kuliko yote: dipo

Hii ndio maana nimekuita hapa. Mtu wa kugharamia shoo ni mwenye shoo. Si wewe, na si Safaricom.

Ukiitisha nusu ya bei kabla, ile harusi ya 15,000 inakupatia 7,500. Spika na pickup ni 7,000. Umebaki na 500 ya nauli na airtime, na hujakopa hata shilingi. DJ na vijana unawalipa kwa ile nusu ya pili. Dipo ni mkopo usio na riba, na hauhitaji limiti.

Najua unachosema: "Hapa ni nyumbani, watu wataniona najifanya." Sawa. Andika hivi kwa WhatsApp, kwa heshima:

"Habari mama. Asante kwa kunipa kazi ya tarehe 14 Khayega, saa nne hadi saa kumi na moja. Bei ni 15,000. Nusu, 7,500, ndiyo inafunga tarehe na kulipa spika. Nusu ya pili nitaomba iingie asubuhi ya sherehe kabla hatujawasha. Sherehe ikihamishwa, dipo inahama na tarehe. Ikifutwa, ile ya spika haitarudi."

Ukiona mzee anakunja uso, usibishane naye. Mwambie, "Mzee, bei naweza kukupunguzia kidogo, lakini dipo si yangu, ni ya mwenye spika." Watu wetu wanaelewa deni la mtu wa tatu kuliko wanavyoelewa policy. Na mtu akikataa kabisa kutoa hata 3,000 kabla, hiyo ndio rada yako: hata baada ya sherehe hatatoa.

Lakini kuna mtego hapa. Ka uko na deni la Fuliza, pesa yoyote ikiingia kwa M-Pesa yako, deni linajilipa kwanza. Dipo ya mama wa Khayega itamezwa usiku huo huo, na kesho unafuliza tena utoe spika. So fanya moja kati ya haya mawili. Omba mteja atume ile 5,000 moja kwa moja kwa mwenye spika, akutumie meseji ya kuthibitisha. Ama pesa ya kazi iingie kwa till au Pochi la Biashara, na ulipe gharama kutoka hapo hapo. Si kukwepa deni, utalilipa na faida yako. Ni kwamba dipo si pesa yako mpaka kazi iishe.

Tayari uko ndani? Anza hapa

Chukua karatasi. Si notes za simu, karatasi. Andika kila deni: unadaiwa ngapi, tarehe ya mwisho ni gani, na kila siku inakula ngapi. Weka hata ile 1,000 ya boyi wako na ile ya chama ya mathe. Wengi hawajawahi kuona jumla yao, na ndio maana wanaogopa kila simu ikilia.

Halafu:

1. Simamisha damu. Usichukue mkopo mpya kulipa wa zamani, isipokuwa ule mpya ni wa bei ya chini kweli kweli na umepiga hesabu.

2. Lipa kwanza ule unaokula kila siku. Kwa wengi huo ni Fuliza na apu. Hustler ikifuata si dhambi, bora usipitishe tarehe.

3. Kata kila malipo ya shoo mara tatu siku ile ile inaingia: gharama za kazi, madeni, na wewe. Ka faida ni 4,500, weka 2,000 kwa deni, 1,000 kwa mfuko wa vifaa, 1,500 ule na ulipe nyumba. Kiasi utabadilisha, mpangilio usibadilishe.

4. Wapigie unaodaiwa nao kabla wakupigie. Mtu akijua utatoa 500 kila Jumatatu, na kweli inaingia, anatulia.

5. Usinunue spika kwa mkopo wa mwezi mmoja. Kodi kwanza. Ukishakodi mara nyingi mpaka unajua kila mwezi zinakula ngapi, hapo ndio unajua ka kununua kuna maana.

Wakikutisha, jua haki zako

Deni ni lako na utalipa. Lakini hakuna mtu ana ruhusa ya kukuvua nguo mbele ya watu. Tangu Machi 2022 kuna sheria za wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu ya Kenya. Apu inafaa kuwa na leseni, na hairuhusiwi kukutukana, kukutisha, wala kupigia watu wa kontakti zako kukuaibisha. Orodha ya wenye leseni iko kwa tovuti ya Benki Kuu. Isome kabla hujapakua kitu.

Wakikupigia mama yako Mumias kumwambia wewe ni mwizi, hifadhi meseji na upeleke malalamiko kwa ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Si bure: Septemba 2023 ofisi hiyo ilipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za mikopo, faini ya 2,975,000 juu ya kutumia namba za watu na kuwatumia meseji za vitisho.

Na CRB? Kuna tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka, itishe. Kwa sheria za 2020, deni la chini ya 1,000 halifai kukuweka kwa orodha mbaya, na mkopeshaji anafaa kukupa notisi kabla ya kukupeleka huko. Kitu cha kukumbuka ni kwamba rekodi mbaya inaweza kukaa hadi miaka mitano hata baada ya kulipa. Siku utataka mkopo wa maana wa kununua sauti yako mwenyewe, ile apu ya 2,000 uliyopuuza itakuwa imekaa mlangoni.

Isukuti inatufunza nini

Mwaka wa 2014 UNESCO iliweka isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, kwa orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe na njuga, na soloisti anaongoza. Sababu za hatari hazikuwa kwamba watu hawaipendi. Wazee wanaisha bila warithi, pesa na vifaa vya kutengeneza ngoma na mavazi ni shida, na watu wengi wanapendelea kulipia burudani za kisasa.

Yaani kitu kinachopigwa kwa harusi, matanga na mechi zetu, kitu dunia nzima imekubali ni cha maana, kinaweza kufa kwa sababu ya bajeti. Wewe na maiki yako ya kukodi hamko mbali na hapo. Talanta bila hesabu huisha kimya kimya: siku moja unauza spika ulipe apu, siku ingine unakatia shoo kwa sababu huna nauli, halafu watu wanasema "yule msee alikuwa moto, alienda wapi?"

So leo, kabla hujajibu ile simu ya harusi, fanya vitu viwili. Andika madeni yako kwa karatasi. Halafu tuma ile meseji ya dipo. Mara ya kwanza mkono utatetemeka. Jumamosi utashika maiki ukijua spika zimelipwa, pickup imelipwa, na hakuna 25 bob inayohesabu nyuma yako ukiambia watu wa Khayega wainue mikono.