Shahamu ya Kahawia: Jiko Dogo Lililomo Mwilini

Anayepanda kutoka Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, hadi Kanzenze kuelekea volkano, hukutana na baridi ya usiku inayomfanya atetemeke. Kutetemeka ni misuli kufanya kazi ili itoe joto. Lakini mtoto mchanga hawezi kutetemeka vizuri. Yeye hupata wapi joto?

Hulipata katika shahamu ya kahawia. Tunapendelea neno shahamu kwa sababu "mafuta" limebebeshwa mengi mno: ya taa, ya kupikia, ya gari. Kahawia nayo inafaa, kwani seli zake zimejaa mitokondria zenye madini ya chuma, ambayo huipa rangi hiyo. Shahamu nyeupe tunayoifahamu ni ghala la akiba. Hii ya kahawia ni jiko. Baridi inapoingia, ubongo hutuma habari kwa njia ya neva, na protini iitwayo themojenini huziachia mitokondria zichome mafuta na sukari ili kutoa joto tu.

Kwa hiyo mama asingoje mwanawe atetemeke. Ashike nyayo zake. Zikiwa baridi, amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunika. Aliyezaliwa kabla ya wakati ahurumiwe zaidi, maana jiko lake bado ni dogo.

Na watu wazima je? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa shahamu hii huwaishia. Mwaka 2009 watafiti wa Boston, Turku na Maastricht walionyesha kwamba sivyo. Huko Maastricht, wanaume vijana 24 waliwekwa katika baridi ya nyuzi 16, na shahamu hiyo ikaonekana ikifanya kazi kwa 23 kati yao, hasa shingoni na juu ya mitulinga. Wanene walikuwa nayo hafifu zaidi, jambo lililowafanya wengine waanze kusifu maji baridi kuwa dawa ya unene. Sisi hatuoni sababu ya kuharakia huko: shahamu yenyewe ni kidogo, na baridi huongeza njaa vilevile.

Madaktari wanaopiga picha za kutafuta saratani kwa sukari yenye mionzi wanaijua vizuri. Mgonjwa akisikia baridi, shingo yake hung'aa pichani mithili ya uvimbe. Ndiyo maana hupewa blanketi kwanza.