Ipunguzieni Kompyuta Mzigo Kabla ya Kununua Nyingine

Huenda kijana wako hupiga kinanda kwa programu ya kompyuta na kuwarushia jamaa muziki moja kwa moja kwa intaneti. Mara sauti yakatikakatika, naye adai kompyuta mpya. Usifungue mkoba upesi. Prosesa, ubongo wa mashine hiyo, imetwishwa kazi mbili kwa pamoja: kuunda sauti na kubana picha ili zisafiri.

Kwanza, ala zisizopigwa papo hapo zirekodiwe mapema. Pili, ongezeni bafa, yaani akiba ya sauti. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huipa prosesa nafasi isiyofika milisekunde 3. Ya 1,024 huipa 21 hivi. Kinanda kitachelewa kidogo kuitika, lakini sauti itatulia. Tatu, picha za mistari 1,080, 60 kwa sekunde, zishusheni hadi mistari 720, 30 kwa sekunde: nukta za kubanwa hubaki chini ya robo. Nne, kadi ya michoro, ikiwapo, ipewe kazi ya kubana picha.

Jaribuni mapema, kabla wasikilizaji hawajafika. Picha hafifu huvumilika; wimbo uliokatika hauvumiliki. Na ada ya shule itasalia salama.