Gurudumu Moja, Vyombo Vingi: Mafungu ya Vipande katika Usanifu wa Mitambo kwa Kompyuta

Gurudumu la nyuma la baiskeli kubwa ya mizigo, ile ya fremu nyeusi iliyozoeleka mjini na shamba, kwa kawaida lina spoku 40. Kila spoku hukazwa kwenye ringi kwa nati yake ndogo, hivyo nati hizo nazo ni 40. Ndani ya kitovu mna gololi 18, yaani 9 kila upande. Zikiongezwa ringi, tairi, mpira wa ndani, utepe wa ringi, kitovu chenyewe, ekseli, koni mbili na nati mbili za kukazia ekseli, jumla hufika vipande 108, bila kuhesabu gia. Hata hivyo fundi hulitundika gurudumu ukutani kama kitu kimoja, na hulifunga katika fremu kama kitu kimoja. Desturi hiyo ya fundi ndiyo inayopasa kufuatwa na mhandisi asanifuye mitambo kwa kompyuta, ingawa si kila mhandisi huifuata.

Programu za usanifu wa mitambo hazihifadhi kazi kama picha. Kila kipande hutengenezewa faili yake, mnamo umbo na vipimo vya pande zake zote. Kisha hutengenezwa faili ya namna ya pili, iliyo ya mkusanyiko. Hiyo aghalabu haina umbo lolote ndani yake. Ina orodha ya vipande vinavyotakiwa, mahali pa kila kimoja, na masharti yanayokiunganisha na vingine. Spoku huchorwa mara moja tu, na mkusanyiko huitaja mara 40. Mkusanyiko nao waweza kutajwa ndani ya mkusanyiko mkubwa zaidi kana kwamba ni kipande kimoja. Mkusanyiko wa jinsi hiyo, uliomo ndani ya mwingine, utaitwa hapa fungu.

Wazo hili lina umri sawa na uchoraji wenyewe wa kompyuta. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, mwanafunzi wa udaktari katika Massachusetts Institute of Technology huko Marekani, aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad. Mchoraji alitumia kalamu ya mwanga juu ya kioo cha kompyuta. Aliweza kuchora umbo la asili mara moja, kisha akapachika nakala zake popote alipotaka. Alipolirekebisha lile la asili, nakala zote zilibadilika pamoja nalo. Faida ya mafungu, na hatari yake pia, zote zimo katika jambo hilo moja.

Faida ya kwanza ni ya hesabu. Mwanafunzi wa fizikia anajua kwamba kitu kigumu kilicho huru kina namna 6 za kujongea: tatu za kwenda na tatu za kuzunguka. Vipande 108 vilivyo huru vina namna 648. Vyote vikimwagwa katika orodha moja pamoja na fremu, usukani, pedali na gurudumu la mbele, kompyuta hulazimika kuyatatua masharti yao yote kwa pamoja kila kitu kimoja kisogezwapo. Gurudumu likiwa fungu, mambo yake humalizwa ndani kwa ndani, na fremu hukabiliana na namna 6 tu.

Lakini mpaka wa fungu upitie wapi? Hapa programu haisaidii kitu. Itakubali fungu la nati zote za baiskeli, au fungu la vyuma vyote vilivyopakwa rangi nyeusi, nayo mafungu hayo hayatamfaa mtu yeyote, kwa kuwa hakuna fundi ashikaye nati zote kwa mkupuo mmoja. Kipimo kilicho bora ni kuuliza fungu linakutana na vitu vya nje kwa nyuso ngapi. Gurudumu la mbele hukutana na uma wa baiskeli kwa ekseli tu. Unene wa ekseli na upana wa kitovu vikijulikana, na nafasi ya tairi ikiwapo, gurudumu lile lile laweza kufungwa katika baiskeli, katika kiti cha magurudumu matatu cha mlemavu, au katika lile gari la mizigo la kukanyaga ambalo Dar es Salaam huitwa guta, almuradi uma wake una vipimo hivyo na mzigo hauzidi nguvu ya ekseli. Kwa sababu hiyo pia haifai kipimo cha kipande kilichomo ndani ya fungu kitegemee kitu kilicho nje yake. Upana wa kitovu ukichukuliwa moja kwa moja kutoka katika uma wa baiskeli fulani, gurudumu litaitafuta baiskeli hiyo hata linapowekwa katika guta.

Kuna mtego unaowanasa wanafunzi wengi. Katika programu nyingi fungu huhesabiwa kuwa kitu kigumu mpaka msanifu aamue vingine. Sasa gurudumu la baiskeli si kitu kigumu. Ekseli na koni zake zimekazwa kwenye uma wala hazizunguki. Kinachozunguka ni kitovu pamoja na spoku, ringi na tairi. Mwanafunzi akiifunga ekseli kwenye uma kwa usahihi kabisa, gurudumu zima hukataa kuzunguka, naye hudhani kompyuta imeharibika. Njia ya kwanza ni kuliamuru fungu liwe legevu, ili mjongeo wa ndani uonekane nje. Ya pili ni kuligawa katika mafungu mawili, la vitu vinavyozunguka na la vitu vilivyotulia. Njia ya pili humfundisha mwanafunzi kuona mjongeo unaanzia wapi. Ya kwanza hulihifadhi gurudumu kama fundi alijuavyo, na kwa karakana inayotengeneza vyombo vya kuuza ndiyo bora.

Spoku nazo zina somo lake. Katika ufumaji wa kawaida mpangilio hujirudia baada ya kila spoku nne, hivyo gurudumu lenye spoku 40 laweza kuchorwa kwa fungu la spoku nne lililorudiwa mara 10, kila mara baada ya nyuzi 36. Gurudumu la mbele lina spoku 32. Hapo marudio ni 8, kila mara baada ya nyuzi 45. Inavutia kudhani kwamba fungu lile lile latosha huku na huku. Halitoshi, kwani pembe zimebadilika. Tena fungu hilo ni la kumrahisishia mchoraji tu. Programu nyingi huruhusu fungu kama hilo lisitajwe katika orodha ya vifaa, spoku zake zikahesabiwa moja moja. Isipofanywa hivyo, mnunuzi wa vifaa ataagiza «mafungu 10» ambayo hakuna duka liyauzalo.

Orodha hiyo ya vifaa ndiyo inayogusa fedha. Karakana ikipokea oda ya baiskeli 50, kompyuta huzidisha yenyewe kupitia kila fungu: spoku 72 kwa kila baiskeli, jumla 3,600. Chukuliwe sasa kwamba msanifu anataka ekseli nene zaidi kwa ajili ya guta, naye akaifungua faili ya ekseli, akabadili kipimo na kuihifadhi. Guta limepona, lakini michoro ya baiskeli na ya viti vya walemavu imebadilika usiku ule ule pasipo mtu kujua, na chuma kitakachokatwa kesho hakitaingia katika uma. Kabla ya kubadili kipande chochote hapana budi kuiuliza programu kinatumika wapi. Ikiwa badiliko halifai kila mahali, kipande hupewa namba mpya na kubaki faili mbili, na fungu lililokibeba nalo hupewa namba mpya.

Shule yenye kompyuta chache yaweza kuyajaribu haya kwa FreeCAD, programu itolewayo bure, ambayo toleo lake la 1.0 la Novemba 2024 lilikuja na sehemu yake yenyewe ya kuunganishia vipande. Isiyo na kompyuta yaweza kuanza kwa baiskeli moja kuukuu, spana na karatasi: wanafunzi waifungue, kisha kila kundi lichore mipaka ya mafungu yake na kuitetea mbele ya mengine.