Kabla hujafunga bampa la chuma, pima kimo cha mwanao

Na Daktari Wetu

Pengine washangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia bampa la gari. Hata mimi nisingeiandika habari hii miaka kadhaa iliyopita. Wakati huo pikapu yangu ya kuzunguka nayo mashambani ilikuwa na bampa la mabomba ya chuma, kazi ya fundi wa jua kali, nami nikijivunia. Kilichonibadili ni mtoto mmoja wa Junju.

Wasafiri wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi huyajua mashamba ya makonge ya Vipingo. Ukichepuka kuelekea bara ndipo ufikapo Junju, nchi ya minazi, mikorosho na njia za vumbi. Madaktari wa mbali hulijua jina hilo kutokana na malaria, kwa kuwa watafiti wa Kilifi wamewafuatilia watoto wa huko kwa miaka mingi. Mtoto ninayemzungumzia hakuletwa kwangu kwa malaria.

Alikuwa na umri wa miaka 7. Alasiri moja alitokea nyuma ya bodaboda iliyoegeshwa kando ya duka, akakutana na gari lililokuwa ndiyo kwanza linaondoka. Mwendo ulikuwa mdogo mno, pengine haukuzidi ule wa mtu akimbiaye. Mbele ya gari palifungwa bampa kama langu. Mtoto alianguka, akalia, akasimama, akajipangusa vumbi. Hakutoka damu hata tone. Dereva, mtu mwenye heshima zake, alimnunulia soda, akaacha namba yake ya simu na kwenda zake.

Magharibi bibi yake alimleta kwangu. "Daktari, huyu hana jeraha, lakini amekataa chakula, na anasema bega linamuuma," aliniambia. Nilipomtazama midomo nikaona imepauka. Mapigo ya moyo yalikwenda mbio, tumbo limekakamaa, na bega lililouma lilikuwa la kushoto, ambalo halikuguswa na kitu. Nilipomvua shati niliona juu ya mbavu za chini, upande huo huo wa kushoto, mchubuko ulionyooka kama mstari, upana wake ni ule wa bomba.

Hiyo ni dalili ya wengu kupasuka, au bandama kama wengine waiitavyo. Damu huvujia ndani ya tumbo, huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yake husikika begani. Tulimkimbiza hospitali mjini Kilifi, akapasuliwa usiku ule ule, wengu ukaondolewa. Alipona. Lakini wengu ni mojawapo ya ngome za mwili dhidi ya malaria na vijidudu vya nimonia. Mtoto asiye nao, tena anayeishi Junju, yampasa kupata chanjo za ziada, kulala ndani ya chandarua kila usiku wa maisha yake, na kukimbizwa hospitali kila mwili unapopata joto. Yote hayo kwa sababu ya bomba.

Usiku ule niliporudi nyumbani nililizunguka gari langu kwa tochi. Bomba la juu lilinifika juu ya kiuno. Mimi si mfupi.

NG'OMBE NA MTU

Nikizungumza haya na wenye magari hunijibu, "Daktari, na ng'ombe je?" Sikatai kwamba mifugo huvuka barabara zetu gizani. Bampa hizi zilienea sana kutoka Australia, ambako kangaruu huruka mbele ya magari na safari ni ndefu kuliko zetu. Huko zina kazi yake. Swali ni hili: wewe unayekwenda kazini Mombasa au sokoni Mtwapa, siku nzima mbele yako wapita ng'ombe wangapi, na watoto wa shule wangapi?

Uso wa gari la kisasa umetengenezwa ili ubonyee. Mtu mzima akigongwa na gari dogo, bampa humpiga chini, kwenye mundi au goti, kisha mwili hulala juu ya boneti. Boneti ni bati jembamba, chini yake pana nafasi, hivyo humeza sehemu ya pigo. Mguu huvunjika, na mguu waweza kuungwa. Lakini bomba lililokazwa kwenye chesisi halibonyei. Nguvu yote hukusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba, na mstari huo uko juu: kwa mtu mzima ni paja na nyonga, kwa mtoto ni kifua, ini, wengu au kichwa. Isitoshe, mtoto hapandi juu ya boneti. Husukumwa mbele, akaanguka palepale magurudumu yanapokuja.

Ongeza mwendo, mambo huharibika upesi. Mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya mgongano huwa mara nne. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba hatari ya kufa kwa mtu aendaye kwa miguu huongezeka mara nne na nusu pale mwendo wa gari linalomgonga unapopanda kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 65. Kwetu Kenya, kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024 zaidi ya watu 4,000 waliuawa barabarani, na waendao kwa miguu ndio waliokuwa wengi kuliko kundi jingine lolote. Sidai kuwa bampa za chuma ndizo zilizowaua. Nasema tu kwamba hao ndio walio mbele ya gari lako.

Wenzetu walikwisha kuliona jambo hili. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2005 sheria ya kutaka vyuma hivyo vipimwe kwanza visije vikaumiza watu, na mabomba magumu ya zamani yakakosa njia ya kuuzwa kwa magari mapya. India iliagiza majimbo yake mwezi Desemba 2017 yawachukulie hatua wanaovifunga. Australia yenyewe ina kanuni zake tangu 2002.

UKILAZIMIKA KUFUNGA

Wapo wenye haja ya kweli. Mkunga anayekwenda Bamba wakati wa masika, au afisa wa mifugo anayezunguka Magarini na delta ya Mto Tana, hawezi kuambiwa aache winchi nyumbani. Kwa watu kama hao nina ushauri, na nautoa kama daktari aliyewahi kukosea.

Kwanza, jiulize kama unachotaka ni bampa au ni mahali pa kufungia kamba. Ndoano imara za kuvutia, zilizokazwa kwenye chesisi, hutosha kwa wengi wanaokwama mara moja moja. Hazina uzito na hazijitokezi.

Ikiwa ni lazima uwe na bampa, chagua la chini. Hapa ndipo tepu ya fundi cherehani inapohitajika. Msimamishe mwanao wa darasa la kwanza au la pili kando ya gari, injini imezimwa, uone bomba la juu litamfika wapi. Bampa lisilopita mstari wa boneti, lisilo na tao la kukinga taa wala pembe za kushikia viguzo vya taa za ziada, ni afadhali kuliko lile refu la kutisha. Kingo ziwe za mviringo. Nimeona bampa za bati nene zilizokatwa kwa moto na kuachwa na ncha ambazo zingeweza kuchuna samaki. Ukiweza kupata lile la plastiki nene, linalojikunja na kurudi, litakuwa na huruma zaidi kwa mwili wa mtu kuliko chuma. Alumini ni nyepesi kuliko chuma, lakini usidanganyike, kwa mbavu za mtoto bado ni ngumu.

Pili, fikiria walio ndani ya gari. Magari mengi ya miaka hii yana mifuko ya hewa, na vitambuzi vinavyoiamuru ifunguke vinategemea jinsi uso wa gari unavyobonyea. Ukiweka chuma kisichobonyea, mfuko waweza kuchelewa, au kufunguka kwa kigongo kidogo cha kuegesha. Kwa hiyo nunua bampa lililotengenezwa kwa ajili ya gari la aina yako na mwaka wako, na mtengenezaji awe ameandika wazi kwamba linapatana na mifuko ya hewa. Asiyeweza kukuonyesha maandishi hayo mwambie asante, uende zako. Fundi wetu wa jua kali ni hodari wa kuchomelea, tena mwaminifu, lakini hana gari la kuligongesha ukutani ili aone matokeo.

Uzito nao si mchezo. Bampa la chuma pamoja na winchi huweza kupita kilo 80, sawa na kubeba mtu mzima puani mwa gari safari zote. Springi za mbele huchoka mapema, na gari likiinama taa huelekea chini. Hakikisha pia kwamba taa na namba ya gari hazizibwi na rejeta inapata hewa. Mwarifu mwenye bima.

Mimi nilimrudishia fundi kazi yake. Alicheka sana, akalifungua lile bampa na kunirudishia la plastiki lililokuja na gari, ambalo nilikuwa nimelitupa stoo.

UKIMGONGA MTU

Usimnyanyue kwa mikono na miguu na kumtupa nyuma ya pikapu, ila kama pana hatari kubwa zaidi ya kumwacha hapo. Shingo isipindwe. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia.

Na akisimama akasema hajambo, bado mpeleke akapimwe, hasa akiwa mtoto, kisha aangaliwe usiku kucha. Midomo kupauka, jasho jembamba la baridi, kiu isiyokatika, kutapika, tumbo kukaza, usingizi usio wa kawaida, maumivu ya bega lisilo na jeraha: yoyote kati ya hayo ni ya kukimbilia hospitali yenye chumba cha upasuaji saa ile ile, hata kama ni saa nane za usiku. Asipewe chakula wala soda, kwa kuwa huenda akahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji.