Supu ya vitunguu ya Wafaransa: Pole pole motoni, haraka kwenye friji

NI tarehe 27. Mshahara bado. Kwenye keja kuna vitunguu ulivyonunua kwa mama mboga, nusu mkate uliokauka na kipande cha siagi. Unavitazama na kujiambia kwamba leo ni chai ya rangi kisha kitanda.

Ngoja kwanza. Hapo ulipo una karibu kila kitu cha kupikia mojawapo ya supu zinazojulikana zaidi duniani. Ni ile ambayo ukiiagiza kwenye mkahawa wa bei, inakuja kwenye bakuli la udongo, juu ina mkate na jibini lililoyeyuka hadi likamwagika kando. Wafaransa wenyewe huiita soupe à l'oignon, yaani supu ya vitunguu. Hakuna siri nyingine kwenye jina.

Wengi wetu tukisikia neno "Kifaransa" tunafikiria doh. Lakini supu hii ilipata umaarufu sokoni. Katikati ya jiji la Paris palikuwa na soko kuu la chakula lililoitwa Les Halles. Mwandishi Émile Zola alilitungia riwaya nzima mwaka 1873 na kuliita tumbo la Paris. Nyama, samaki na mboga zilishushwa hapo usiku, na alfajiri wapagazi waliochoka waliingia kwenye mikahawa ya kando ya soko kunywa supu hii ikiwa moto. Matajiri waliotoka kujivinjari nao waliketi humo humo wakinywa supu ile ile. Soko lilihamishiwa Rungis, kusini mwa jiji, mwaka 1969. Supu ilibaki. Mkahawa wa Au Pied de Cochon, uliofunguliwa hapo mwaka 1947, bado unaipika.

Kwa hivyo ukiwaona vijana wa mikokoteni wakinywa supu ya mifupa kabla jua halijachomoza, ujue umeielewa supu hii kuliko anayeipiga picha hotelini.

Unachohitaji (watu 4)

- Vitunguu kilo 1. Hivi vyetu vyekundu vinafaa kabisa
- Siagi vijiko 3 vikubwa, na mafuta ya kupikia kijiko 1
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Unga wa ngano kijiko 1 kikubwa
- Supu ya mifupa ya ng'ombe lita 1 na nusu
- Divai nyeupe nusu kikombe, au siki kijiko 1 kikubwa kama hutumii pombe
- Thaimu kidogo na pilipili manga
- Mkate wa jana au juzi
- Jibini gramu 150. Wafaransa hutumia gruyère, lakini bei yake itakutoa machozi kuliko vitunguu. Gouda ya kawaida ya supamaketi inayeyuka vizuri

Kuhusu supu ya mifupa, unaweza kununua mifupa kwenye bucha na kuichemsha saa tatu hivi. Lakini ikiwa mtaani kwenu kuna kibanda cha supu, nunua hapo uokoe gesi. Ionje kwanza, kwa sababu mara nyingi huwa tayari ina chumvi.

Mahali wengi huharibu

Mara yangu ya kwanza nilikuwa nimealika marafiki watatu. Nilisoma mahali kwamba vitunguu hugeuka rangi ya kahawia kwa dakika kumi. Dakika kumi zikapita, vitunguu bado vyeupe. Nikaongeza moto. Dakika tano baadaye kingo zilikuwa zimeungua, katikati ni vibichi, na jirani alikuwa anabisha mlango kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Supu ilikuwa chungu kama dawa. Tulikula chips.

Sababu ni hii. Karibu asilimia 90 ya kitunguu ni maji. Maji hayo yakiwa bado kwenye sufuria, joto haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100, na kwa joto hilo kitunguu kinachemka tu. Ni lazima maji yatoke kwanza, ndipo sukari iliyo ndani ya kitunguu ianze kubadilika rangi na kutoa ule utamu. Ukiongeza moto kwa haraka, nje kunaungua kabla ndani hakujakauka. Hakuna njia ya mkato ya maana. Wapo wanaotia baking soda, na kweli rangi inakuja upesi, lakini vitunguu vinarojeka.

Jinsi ya kupika

1. Kata kila kitunguu katikati, kisha ukikate vipande vyembamba vya umbo la nusu mwezi. Vikilingana unene, vitaiva pamoja.

2. Yeyusha siagi na mafuta kwenye sufuria nzito, moto wa wastani. Tia vitunguu vyote na chumvi. Funika kwa dakika 10 hadi vilegee.

3. Funua, punguza moto uwe mdogo, na ukoroge kila baada ya dakika chache. Hapa ndipo kazi ilipo. Baada ya nusu saa vitakuwa vya manjano na utadhani umekosea. Endelea. Kati ya dakika 45 na saa nzima vitafika rangi ya mandazi yaliyoiva vizuri, na sufuria iliyokuwa imejaa itabaki na rundo dogo tu. Vikianza kushika chini, nyunyiza maji kidogo na ukwangue kwa mwiko. Ule ukoko wa kahawia ni ladha, usiuache.

4. Nyunyiza unga, koroga dakika mbili. Mimina divai au siki, kwangua tena sufuria, kisha tia supu ya mifupa na thaimu. Acha itokote pole pole nusu saa. Onja kabla ya kuongeza chumvi. Malizia na pilipili manga.

5. Kausha vipande vya mkate hadi viwe vigumu. Pakua supu, weka mkate juu, tandaza jibini, kisha uchome ndani ya oveni hadi jibini liyeyuke na kupata madoa ya kahawia. Tumia bakuli linalostahimili moto, maana la glasi ya kawaida litapasuka.

Huna oveni? Wengi hatuna. Weka mkate uliokauka kwenye kikaangio, tandaza jibini juu, funika, moto mdogo. Dakika tatu hivi jibini litakuwa limeyeyuka. Telezesha mkate juu ya supu moto. Hautakuwa na yale madoa ya kahawia, lakini hakuna atakayelalamika.

Kuihifadhi: hapa usicheze

Kama utakaa jikoni saa nzima na mtungi wako wa kilo 6 unalia, afadhali upike nyingi mara moja. Mimi huandaa kilo mbili za vitunguu, nile leo na nyingine niweke. Lakini kuna kosa moja ambalo ni lazima nikuambie, kwa sababu liliniangusha.

Siku moja niliacha sufuria ya supu juu ya jiko usiku kucha. Asubuhi nikafanya tulivyofunzwa wengi nyumbani: "Ichemshe tu tena, iko sawa." Niliichemsha hadi ikafoka. Kufikia saa nane mchana nilikuwa chooni, na huko ndiko nilikoshinda.

Kuchemsha tena hakuokoi supu iliyolala nje. Kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili maji yanayochemka, kisha huamka na kuzaana supu inapokuwa vuguvugu. Wengine huacha sumu ambayo moto hauiondoi. Na supu ya mifupa kwenye sufuria kubwa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi sana. Haitanuka, haitabadilika rangi. Utaila ukiisifu.

Kwa hivyo fanya hivi:

- Hifadhi supu peke yake. Mkate na jibini ni vya siku ya kula. Ukiviweka pamoja, kesho utakuta uji.
- Ipoze upesi. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi ukikoroga, kisha gawa supu kwenye vyombo vidogo visivyo na kina kirefu. Iingie kwenye friji kabla ya saa mbili kuisha tangu uzime moto. Uko Mombasa na joto limepita nyuzi 32? Usipitishe saa moja.
- Kwenye friji, yaani nyuzi 4 au chini, itakaa siku tatu hadi nne.
- Kwenye friza itakaa vizuri miezi miwili hadi mitatu. Acha nafasi ya vidole viwili juu ya chombo, maana supu ikiganda hupanuka. Andika tarehe.
- Ukitaka kuila, toa kiasi cha mlo mmoja tu, ichemshe hadi itokote kabisa. Usipashe sufuria nzima kila siku.

Kama friza yako ni kile kisanduku kidogo cha juu, gandisha vitunguu vyenyewe vikishakuwa vya kahawia, kabla hujatia supu. Vinachukua nafasi ndogo, na siku ukitoka kazini umechoka, unaviongeza kwenye supu ya kibandani na msosi uko tayari kwa robo saa.

Stima ikipotea, usifungue friji kila dakika kuchungulia. Ikifungwa, hushika ubaridi kama saa nne. Friza iliyojaa huweza kufika siku mbili. Zaidi ya hapo, kilichoyeyuka na kupata joto ni cha kutupa, hata kama roho inauma.

Na kama huna friji kabisa, hakuna ubaya. Pika nusu ya vipimo hivi, ita rafiki, mmalize usiku huo huo. Wapagazi wa Les Halles hawakuwa na friji pia, na supu yao haikulala.

Ukikumbuka mambo mawili tu, umemaliza: vitunguu vipe muda, supu iliyobaki usiipe. Sasa washa gesi, punguza moto, na usiguse hicho kitufe hadi vitunguu vifike rangi ya mandazi.