Hariri ya Kakamega ni Mwalimu Tuliyempuuza

Majuzi, katika darasa la biolojia hapa Lurambi, niliuliza protini ni nini. Jibu lilinijia kwa sauti moja, mithili ya wimbo: chakula cha kujenga mwili. Nikauliza tena, mbona unywele uliolowa maji huvutika sana, ilhali uzi wa hariri hauvutiki vivyo, na vyote viwili ni protini? Kimya kikatanda. Msichana mmoja akathubutu: "Mwalimu, swali hilo hutoka katika mtihani?"

Naam, aibu hiyo ni yetu sisi walimu.

Jibu li karibu mno. Katika Msitu wa Kakamega, mashariki mwetu, huishi viwavi wa nondo aitwaye Anaphe panda, wanaokula majani ya mti wa Bridelia micrantha. Viwavi hao hushirikiana kufuma kiota kimoja cha hariri, na ndani yake kila mmoja akajifumia kifuko chake. Watafiti wa kituo cha icipe wamewachunguza msituni humo, wakitafuta njia ya wakazi kujipatia riziki pasipo kuuangamiza msitu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Katika hariri, nyingi ya hizo ni ndogo, kama vile glisini na alanini. Kwa hiyo minyororo hunyooka na kulala sambamba, kama matete katika mkeka. Mkeka hushikwa kwa kamba. Minyororo hushikwa kwa vifungo vya haidrojeni, kutoka mmoja hadi jirani yake. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini maelfu kwa pamoja ni imara. Umoja ni nguvu! Muundo huo ni bapa la beta, ambao Linus Pauling na Robert Corey waliueleza mwaka 1951. Mnyororo wa unywele, kwa upande wake, umejizungusha kama springi, ndiyo maana huvutika. Wa hariri umekwisha kunyooka. Utavutwa uende wapi?

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya chuo kikuu. Sikubaliani nao. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro ki papa hapa mjini Kakamega, lakini atakayeingia humo na ukariri mtupu atatoka na ukariri mtupu. Isitoshe, mabapa kama hayo, protini fulani zikijikunja vibaya na kurundikana ubongoni, huandamana na maradhi ya Alzheimer yanayowapokonya wazee kumbukumbu. Nani atakayeyatafutia tiba, ikiwa vijana wetu huuliza tu yatakayotahiniwa?

Walimu wenzangu, ingieni darasani na uzi wa hariri, unywele na kipande cha mkeka. Nanyi wanafunzi, ulizeni hata yasiyotahiniwa. Tena tuulinde msitu, kwani kila mti wa Bridelia unaogeuzwa makaa ni ukurasa uliochanwa katika kitabu ambacho bado hatujakisoma.